Fundo la Mkono wa Kushoto

"Unatoka wapi?" hakimu aliuliza.
"Kuwinda."
Karani akaguna, mahakama nzima ikacheka,
askari wa mlangoni akajifuta machozi kwa kofia.
Shivachi hakucheka. Miaka kumi na sita
amelitaja jina la mtaa wao
na hajawahi kulisikia likigeuka shtaka.

Mimi ndiye niliyemkamata.
Siku kumi na moja nililala kando ya Mto Mbagathi
nikimsubiri mwenye waya.
Sura yake sikuijua, nilijua fundo lake:
limepindwa kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto,
fundo la mtu anayekula kwa kushoto
na kuchapwa mkono huohuo darasani.
Waya wa klachi, wa pikipiki iliyokwisha.
Kitanzini, swala pala mwenye mimba,
ameuzunguka mti mpaka akaumenya gome.
Nitasema kweli: siku ile ningepewa fimbo
nisingehesabu.

Kizimbani alivaa sweta la shule, viwiko nje.
Kiatu kimoja kina kamba,
cha pili kimefungwa kwa waya.
Niliutazama ule waya muda mrefu.

Mwendesha mashtaka akasoma faini,
tarakimu ndefu kama treni ya mizigo,
na mamake, Khavere, afuaye nguo za watu Karen,
akauliza kwa sauti, wala si kwa dharau:
"Hizo ni nguo ngapi?"
Hakuna aliyepiga hesabu.

Wala hakuna aliyemtaja mwenye bucha
aliyeinunua nyama kwa bei ya mbuzi mgonjwa
akaiuza kwa bei ya mbuzi wa sikukuu,
wala waliokula, wakachokoa meno,
wakasema mbuzi wa leo ni laini.
Kizimba ni chembamba. Kinamtosha mtoto.

"Afisa," hakimu akanigeukia, "wewe uliyelala nje,
adhabu gani itakutosha?"
Hakusema itamtosha. Alisema itakutosha.
Nilikuwa nimekuja na neno moja: jela.
Lakini nimewahi kuwapeleka vijana huko.
Waliingia wakijua kutega swala,
wakatoka wakijua kutega watu.
Nikasema: Mheshimiwa, nipe Jumamosi zake,
mwaka mzima. Atembee nami kando ya seng'enge,
ategue alichotega.
Na mwenye bucha aitwe.
La kwanza hakimu aliliandika.
La pili alisema litafuatiliwa.

Basi tunatembea.
Mwanzoni alinichukia, nami sikumpenda.
Jumamosi ya tatu tulimkuta pundamilia mchanga,
waya umezama mguuni hadi mfupa, na yu hai.
Nikamwambia Shivachi ashike kichwa
daktari akishona.
Alikishika saa mbili.
Jioni alikataa chai.

Kufikia Agosti jicho lake limelipita langu:
huuona waya nyasini
kama mama aonavyo chawa.
Tumejaza magunia mawili.
Bucha bado iko wazi, wamepaka rangi mpya.

Jana alitangulia, akachutama chini ya mgunga.
Nilipofika alikuwa ameshautegua,
anaukunja kiganjani haraka mno.
Waya mpya, unang'aa.
Nililiona fundo kabla halijafunguka:
kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto.
Lakini limelegea, limerudiwa mara mbili,
fundo la mtu ambaye bado anajifunza.
Nyumbani kwao yuko Lijodi, miaka kumi,
aliyejua kufunga viatu
kwa kumtazama kaka yake.

Daftari langu lina safu nne:
tarehe, mahali, idadi, alama.
Kalamu ilikuwa mkononi.
Nikaandika tarehe. Nikaandika mahali.
Ndege moja ikatupita juu ikielekea Wilson,
tukangoja kelele ziishe.

"Afande," alisema, bila kunitazama,
"Jumamosi ijayo
naweza kuja na mtu?"