Upana wa Njia

Ofisi imenituma kupima kichochoro cha Mkomani,
mkononi futi ya chuma, kwapani fomu tatu.
Swali la kwanza: pikipiki mbili zaweza kupishana?
Haziwezi. Hata ikipita moja
mtu hujibandika ukutani kama tangazo la mnada.

Hapa kipimo kilikuwa punda na shehena yake,
na mtu wa kuita "simile!" kabla hajakata kona.
Kuta ndefu. Jua hufika chini saa sita tu,
hutazama, likaondoka.
Chini ya wikio kuna upepo usio na mwenyewe.

Mamangu alizaliwa nyumba ya tatu toka hapa.
Kila asubuhi alitoka kununua limau moja.
Limau moja! Angeweza kununua sita,
lakini sita yangemkosesha safari tano.
Kwa Bi Mwanate aulizie mguu wa mjukuu,
kwa Shekuwe fundi cherehani akumbushe kanzu,
barazani kwa kina Famau aketi, apumue, ainuke.
Saa nzima. Hakuna aliyeiita mazoezi.
Mwenyewe aliita kwenda kununua limau.

Kisha tukamjengea Wiyoni.
Nasema tukamjengea; ramani ya viwanja niliichora mimi,
mistari imenyooka kama ya daftari,
njia mita tisa, kila ploti na geti lake.
Nilisifiwa. Nilikula pilau ya kusifiwa.
Mita tisa za mchanga, hapana kivuli hata cha kuku,
hapana baraza, maana baraza nje ya ukuta
ni kuvamia ardhi ya barabara
(kifungu hicho nakijua kwa ghaibu).
Duka liko mbali, bodaboda iko karibu.
Mama akajifunza kusema "nipeleke".

Mwaka wa pili, magoti. Mwaka wa tatu, sukari.
Daktari, kijana mpole, akaandika:
atembee nusu saa kila siku.
Mama akaigeuza karatasi, akatafuta upande wa pili,
hakuona kitu, akauliza:

"Nende wapi?"

Daktari alicheka kidogo.
Mimi nilitazama viatu vyake mama,
soli mpya kama siku vilipotoka dukani,
na vina miaka miwili.

Leo nimeinama kichochoroni na futi yangu.
Mita moja na sentimita arubaini na mbili,
toka ukuta wa marehemu nyanya hadi ukuta wa jirani.
Fomu yataka niandike: FINYU. IPANULIWE.
Nyuma yangu sauti, "Simile, baba, simile!"
Punda na mifuko miwili ya saruji, anaelekea Wiyoni.
Najibandika, navuta pumzi ndani,
na bado saruji yanigusa tumbo.
Tumbo hili limeanza lini?

Pale penye nafasi ya maoni
nimeandika: limau moja.
Nikafuta, mkubwa wangu hatafahamu.
Nikaandika tena, kwa wino.