Maji Yaliyolala

Nilimdai Kombo kinyozi, wa Barabara ya Kumi na Nne,
mapazia mawili na vitambaa vya viti.
Akanilipa sanduku la kioo, futi tatu,
kona moja imezibwa kwa gundi nyeusi.
"Samaki utatafuta mwenyewe,"
akasema, wembe ungali kichwani mwa mtu.

Wa kwanza walikuwa wanne, rangi ya papai bivu,
wamekuja na basi ndani ya mfuko wa nailoni.
Nikawamiminia maji ya bomba, papo hapo,
yananuka dawa kama korido za Bombo.
Adhuhuri walikuwa wanne.
Alasiri wawili.
Magharibi nilibaki na kioo,
na Bi Shekuwe, mama wa mume wangu,
anapara magamba ya changu pale uani:
"Wangekufia chunguni, mwanangu, tungepata mchuzi."

Sikumjibu. Nilikwenda kuuliza.
Mwalimu Mhina wa maabara
akanichorea nyuma ya risiti ya nyuzi:
dawa ya bomba yaondoka, ukiyaacha maji yalale
usiku kucha, ndoo wazi;
ila uchafu wa samaki hauondoki kwa kulala.
Kuna vijidudu, akasema, huvioni,
ndivyo vinavyoula.
Vinataka nyumba. Vinataka muda.

Basi nikavijengea.
Ndoo ya rangi, lita ishirini,
nimeisugua hadi jina la kiwanda likafutika,
kitako nimekitoboa kwa msumari wa moto.
Chini, changarawe za Mto Zigi, zimechemshwa.
Juu yake mkaa wa vifuu:
niliuosha mara saba, mara nane,
nikaacha kuhesabu pale maji yalipoacha kuwa wino.
Juu kabisa sponji za mabega,
zile za magauni ambayo siku hizi hayavaliwi,
nilikuwa nazo gunia zima chini ya cherehani.
Pampu, ndogo kama ngumi ya mtoto,
yavuta maji, yapanda mpira,
yaangukia mabegani mwa mabibi harusi wa zamani,
yashuka mkaani, yashuka mawemawe,
yarudi kiooni yakikoroma kidogo.

Wiki sita.
Kila asubuhi natia chembe ya dagaa,
namlisha nisiyemwona.
Maji yakawa maziwa, yakanuka, nikalia jikoni,
kisha siku moja, bila kuniambia, yakatakata.
Watoto wa Makorora wakabandika pua kiooni:
"Wako wapi?"
"Wamo."
Bi Shekuwe akatangaza hadi kwa muuza mihogo:
"Mke wa mwanangu anafuga maji."
Lakini ndoo yangu ya maji yaliyolala
naikuta kila alfajiri imepungua vikombe viwili.
Chai, asema, haina tena ladha ya hospitali.

Nikaleta watatu. Wakala. Wakaishi.
Mmoja ana mkia mweusi, mchokozi.

Usiku wa jana umeme ukakatika.
Mkoromo ulipokoma ndipo nilipoamka;
kumbe nimeshazoea kulala juu ya sauti ile.
Tochi ya simu: wote watatu juu,
midomo wazi, wanaibusu hewa.
Nikachota kwa kikombe, nikainua mkono,
nikamwaga kutoka juu ili maji yavunjike,
nikachota, nikainua, nikamwaga,
kikombe juu ya sponji, kikombe kiooni,
hadi bega langu mwenyewe likaomba sponji.

Saa nane hivi mlango ukalia.
Bi Shekuwe, kanga kichwani, tasbihi mkononi.
Nilijua litakuja neno la chungu.
Akaninyang'anya kikombe.
Mkono mmoja wamwaga, wa pili wavuta punje,
midomo yatembea bila sauti.
Yule wa mkia mweusi akashuka chini kidogo, akageuka.
"Huyu mkaidi kama wewe," akasema.

Nje, Tanga nzima giza,
mbwa mmoja upande wa Chuda, basi.
Nikaegemea ukuta, nikafumba macho
nikisikiliza maji yakivunjika.

"Thelathini na tatu," akasema. "Zamu yako."