Kitambaa Kwenye Bomba

Nkuhungu, mwezi wa saba, upepo unachuna midomo.
Nimeitwa kwa Mama Ndahani, bafu la uani,
mlango wa bati, shawa ya umeme ya elfu arobaini,
na juu ya bomba kimetundikwa kitambaa.

"Cha nini?"
"Cha kufungulia. Bila hicho linatekenya."

Linatekenya! Anavyolisema
utadhani ni mtoto mtundu wa jirani.
Wapangaji wote wamezoea:
unavaa kandambili, unashika kitambaa kikavu,
unafungua kwa mkono wa kulia,
wa kushoto unauficha mgongoni.
Hata Lechipya, miaka sita, anaijua hiyo sala.

Mama, umeme hautekenyi.
Unabisha hodi.
Na kitambaa kitalowa siku moja,
bafuni hakuna kisicholowa.

Nazima swichi kuu, kisha napima kwa testa,
maana "nimezima" ni neno la mdomo
na mdomo haujawahi kuzuia shoti.

Soketi hii hapa, dhiraa moja toka kwenye ndoo.
Mwanafunzi wa chuo huchaji simu papo hapo,
muziki unaimba, povu linamrukia.
Hii inatoka leo. Sijadili.
Pasi, redio, mashine ya kunyolea,
vyote vina kwao, na kwao si bafuni.
Swichi ya shawa nahamishia nje ya mlango
ikutane na mkono ambao haujagusa maji.
Breka mpya ina kitufe kidogo:
kila mwanzo wa mwezi, ukishaingiza LUKU, kibonyeze.
Ikikata, ishukuru.
Isipokata, nipigie, na usioge.

Maji yetu yana chumvi. Mnayajua kwenye chai,
kwenye birika lenye magamba meupe.
Koili ya shawa inayajua zaidi:
yanaila taratibu, ganda linapasuka,
na siku hiyo maji yenyewe yanakuwa waya.

Nafungua kifuniko.
Waya wa kijani na njano umekatwa,
umefungwa utepe mweusi, mizunguko mitatu,
ncha imekunjiwa ndani usibanduke.

Nilisimama pale juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Mizunguko mitatu. Ncha ndani.
Hakuna mwingine anayefunga hivyo.
Miaka saba nyuma, nikimbebea Fundi Chidawali koleo,
waya ulikuwa mfupi, jua limekwisha,
nikasema: huu hauna kazi.

"Umeuona ubovu?" Mama Ndahani, toka chini.
"Nimeuona."
"Nani alifanya?"
Upepo ukaupiga mlango wa bati.
Nikamwambia.

Alikichukua kile kitambaa, akakikunja mara nne,
akakikunjua, akajifutia mikono ambayo haikuwa na maji.
Miaka saba. Lechipya alizaliwa humo ndani,
akaogeshwa humo ndani.
"Basi leo hulipwi," akasema.
"Na chai utakunywa hiyohiyo ya chumvi."

Jioni nilichimba nyuma ya ukuta.
Fimbo ya shaba, mkaa, konzi za chumvi,
kwa sababu udongo wa Dodoma ukikauka
hauupokei umeme; ni mlango umefungwa kwa ndani,
na mgeni asiyefunguliwa
hurudi kumtafuta aliyelowa.
Waya mpya nikaupitisha, mrefu,
mrefu kupita mahitaji, nikaubana kwa skrubu,
nikauvuta, nikabana tena.

Nikampa Lechipya kopo.
Kiangazi chote, maji ya kuoshea mchicha
usimwage barabarani, leta hapa.

"Kutaota nini?"

Akamwaga kabla sijajibu.
Udongo ukanyonya yote,
akaenda kuleta mengine.