Chombo Hakikwami

Saa tatu usiku, Newala, baridi imeshika mabati.
Mama kajifunga khanga mbili.
Kwenye runinga niliyoichomelea waya jana
(ya Mzee Likokola, hajaja kuichukua,
tunaijaribu, ndivyo ninavyosema)
chombo kinaelekea nyota ya mbali,
mwaka wa sitini na moja wa safari.

"Sitini na moja," mama anarudia,
"na shati la nahodha bado lina mkunjo wa pasi."

Mimi nafuata hadithi. Yeye anafuata nyumba:
nani anadeki ile korido ndefu?
Taka zinakwenda wapi? Mbona hakuna foleni ya choo?
Na maji! Mtu anagusa ukuta, yanatoka,
anayaacha yakitiririka huku akiwaza mapenzi.
Mama, aliyeteremka miaka na miaka
bondeni, chini ya Shimo la Mungu,
akapanda na ndoo kabla jua halijachachamaa,
anasonya.
"Hao hawasafiri. Hao wamehamia."

Kisha watu arobaini wanalala katika vioo,
miaka mia, wanaamka,
hakuna mwenye tongo, hakuna aliyekufa ganzi mguu,
hakuna anayeuliza "Tumefika wapi?"
kwa sauti ile ya mtu aliyelalia gunia.
Dirishani nyota zinavutika, mistari, mistari.
Chombo hakikwami.
Hakuna utingo wa kuruka chini na jembe,
wala mwanamke wa kijiji cha jirani
kuja na ming'oko ya kuchemsha
kwa bei ya waliokwama.

Sisi tulikwama siku tisa.
Masika, lori la Dadi Mchopa, korosho chini, watu juu,
tunamfuata baba Kurasini, mimi nina miaka sita.
Baina ya Nangurukuru na Somanga
tope lilikuwa na njaa.
Siku ya pili, nyuma ya turubai,
mama akajifungua.

Chomboni pia, sasa hivi, mtoto anazaliwa.
Wanapiga makofi. Daktari ana taa ya buluu.
Nahodha anasema: huyu hakuona tulikotoka,
hataona tunakokwenda,
njia ndiyo nchi yake.

Mama hasonyi.

Wetu alikuwa wa kike. Aliishi alasiri mpaka alfajiri.
Nanjota, utingo, aliyekuwa akimtukana kila mtu,
alichimba kimya
kwa jembe lile lile la kunasulia tairi,
kando ya njia, penye mtondoo wenye kovu la bampa.
Tukabaki pale. Hilo ndilo nisiloliona kwenye filamu:
kubaki pale. Kupika pale, kuchekana pale,
kujua nani anakoroma, nani anaiba sukari.
Siku ya kumpa jina ikatukuta hatujasogea hatua.
Siku ya tisa lori likachomoka, watu wakashangilia,
na mama akapanda mwisho.

Mwaka jana tulikwenda Dar kwa basi. Lami tupu.
Alikaa dirishani tangu Lindi, hakusinzia.
Baada ya Nangurukuru dereva akakanyaga mafuta,
miti ikavutika, mistari, mistari,
mitondoo ishirini, au hakuna hata mmoja.
"Tumepita?"
"Nadhani tumepita."
Akafungua mfuko wa korosho, akanipa, yeye hakula.

Sasa majina yanapanda kwenye kioo, na muziki.
Mama hainuki.
"Kesho watamwonyesha tena yule mtoto?"
"Labda. Labda atakuwa ameshakua."
Anakunja miguu, anafunika nyayo kwa upindo wa khanga.
"Likokola akija," anasema,
"mwambie runinga yake bado haijapona."