Ua la Boga

Mvua ya vuli imepiga bati usiku kucha.
Sasa, saa kumi na mbili kasoro, Igogo yote inachuruzika:
mawe yamening'inia juu ya nyumba, meusi, yamenawa uso;
ziwa huko chini halionekani, ni ukungu tu
na honi ya kivuko inayouliza njia.

Mama yako yuko Bugando, zamu haijaisha.
Tumebaki wawili, Minza,
wewe nyuma ya pazia, mimi mbele ya jiko,
na boga.

Boga la bibi yako wa Misungwi,
lililokuja ndani ya gunia kwenye keria ya basi,
likakaa wiki tatu chini ya meza kama mgeni asiyeaga.
Jana usiku nimelipasua kwa panga.
Ndani lilikuwa rangi ya vizibao vya wafagia barabara.
Nimelichemsha, nimelichuja, nimeliponda kwa mwiko
mpaka likasahau kwamba liliwahi kuwa gumu.

Kazi yangu ni majokofu. Gesi ikivuja naijua kwa kusikiliza.
Mapishi nabahatisha:
mayai matatu, maziwa kikombe
(nusu kikombe; jana uliyanywa),
boga vijiko vinne vya kujaa,
mdalasini, tangawizi,
karafuu mbili nilizozitwanga kwa kitako cha glasi,
na kungumanga ya kuazima kwa Bi Leokadia,
aliyeikwaruza mwenyewe mlangoni, akicheka:
"Baba wa kambo na kungumanga! Haya, kazi ipo."

Mkate ni wa juzi. Lazima uwe wa juzi.
Mkate laini ukiuchovya unakufia mkononi;
huu uliokauka kidogo, uliokwisha kuachwa kwenye kabati,
ndio unaokunywa taratibu na bado ukasimama.
Hilo nililijua kabla sijaingia jikoni.

Siku ya mahari wajomba zako waliniambia, kwa zamu:
ukipenda boga, upende na ua lake.
Nikaitikia. Nani asingeitikia?
Hawakuniambia kwamba ua lina miaka tisa,
linaamka limenuna,
linatafuta soksi moja,
na miezi saba sasa haliniiti kitu,
si baba, si anko,
hungoja nigeuke ndipo liseme.

Kipande cha kwanza kimeungua.
Nimekila mwenyewe, kimyakimya, kufuta ushahidi.
Cha pili kimenata.
Cha tatu, nimepunguza moto, nimeongeza siagi,
kikatulia, kingo zikafanya lasi ya kahawia,
na harufu ikatoka, ikapita chini ya pazia bila hodi,
jambo ambalo mimi sijathubutu.

Pazia limesogea.
Umekaa. Sweta la shule umelivaa kinyume; sisemi.
Umenusa, kama paka wa mwaloni Kirumba
anayenusa sangara wa mtu asiyemfahamu.
Ukauma kona.
Nami nikajifanya naosha mwiko
uliokwisha oshwa.

Kimya chako kimekula vipande viwili na nusu.
Kisha ukasema, ukiiangalia sahani:
"Bibi huweka iliki."

Iliki. Sina iliki.
Duka la Malimi hufunguliwa saa moja.

Nusu iliyobaki umeifunika kwa kisahani,
ukasema, "Ya mama,"
halafu, mlangoni, mkoba begani,
mguu mmoja tayari mvuani:
"Mbegu usitupe. Hukaangwa."

Nimezitoa kwenye ndoo ya taka, mojamoja,
nimeziosha utelezi wake,
nimezianika juu ya gazeti dirishani,
ambako leo hakuna jua.