Nchi Alizozipika Baba

Baba hakuvuka maji hata kufika Pemba,
lakini alikwenda Ugiriki kila Jumapili
kwa njia ya bilingani.

Ninalo daftari lake. Jalada la nyuma
lina jedwali la kuzidisha, limeliwa na mende
kuanzia saba mara nane.
Ndani, kwa penseli aliyokuwa akiilamba,
mapishi ya wakubwa wa shamba la mkonge, Pongwe,
yameandikwa yalivyomwingia sikioni:
Musaka. Gulashi. Avugolemono.
Rosti ya Bwana Ruedi, na pembeni, kwa hasira:
"Siyo rosti! Haina mchuzi, haina nyama.
Ni viazi vimekunwa kama nazi, vikakaangwa kama chapati.
Uswisi ndivyo waitavyo. Nyamaza, pika."

Gulashi ni ya daktari wa Bombo, Mhungari,
aliyelia juu ya sahani siku ya kwanza.
Baba alidhani ni pilipili.
Akapunguza. Daktari akalia zaidi.
Basi akairudisha yote, na kijiko juu.

Kwenye nyama ya nguruwe pana mstari mmoja tu:
"Chumvi kwa kunusa. Usionje. Muulize paka."

Na Avugolemono, ukurasa mzima, una madoa ya manjano:
supu ya kuku, mchele kiganja, mayai mawili,
ndimu za Muheza, maana malimau ya meli yameoza.
"Supu ya moto iingie kwenye yai
kama mkwe aingiavyo ukweni:
kidogo, kohoa, kidogo tena.
Ukiharakisha yai litashtuka, litaganda,
na Bibi Despina hatasema kitu,
ataitazama tu sufuria kama kaburi."

Huyo Bibi Despina ndiye ninayemtafuta humu.
Mama alitusimulia, akicheka mpaka kanga inamponyoka,
jinsi mke wa bwana shamba alivyoonekana alfajiri
ameinama kati ya mistari ya mkonge,
kisu mkononi, kikapu kwenye kiwiko,
anachuma mchunga.

Mchunga! Mboga yetu ya tarehe ishirini na nane,
ya kumwomba radhi mgeni akikukuta nayo.
Wanyapara waligeuza nyuso wasimfedheheshe.
Baba akamkimbilia: Mama, niachie mimi, kabichi ipo.
Akajibiwa kwa Kiswahili cha jikoni:
"Kabichi ya Mjerumani. Hii ya mama yangu."

Aliuchemsha mwenyewe, akaukamua,
ndimu, chumvi, mafuta ya zeituni,
akala kwa mkono, amesimama dirishani,
kisha akamkatia Baba kipande cha mkate
na kumwambia jina lake: horta.

Nimepekua daftari mara mbili.
Musaka imo, matabaka yake yamechorwa
kama magodoro ya bibi harusi.
Horta haimo.
Nadhani Baba alijiuliza: na hiki nacho kiandikwe?
Kitu nilichokitafuna kwetu Maramba
kabla sijajua penseli inashikwaje?

Leo nimenunua mafungu matatu sokoni Mgandini.
Muuzaji akauliza, na nazi je? Nikasema, ndimu.
Akanikagua kuanzia viatu.
Mafuta ya zeituni yako duka la dawa, barabara ya kumi na nne,
kichupa cha kutia masikioni, bei ya kilo mbili za mchele.
Nimekimimina chote.

Ni mchungu.
Bibi yangu aliutuliza kwa tui, ukalala.
Huu umesimama wima, hauombi mtu radhi.

Nimefungua ukurasa wa mwisho, penseli naiilamba.
Juu ya kila pishi Baba aliandika nchi.
Nimeandika mchunga. Nimeandika ndimu.
Pale juu bado peupe,
na ugali unapoa.