Dar Itapata Habari Baadaye

Niliketi ukingoni mwa kitanda, hospitali ya Kitete,
miguu ikining'inia kama nguo zisizo na mwenyewe,
na goti langu la kulia, goti la cherehani,
likiisubiri nyundo ya mpira ya tabibu Ntakije.

Akagonga. Kimya.
Akagonga tena. Goti likanuna.
"Unalitazama, mama Kalunde.
Jicho lako linaubania mguu."

Basi nikaambiwa nitazame dari,
pale mvua ya Machi ilipochora madoa ya chai;
nifumbate vidole kwa vidole, nivute,
kama wawili wanaogombea kitenge kimoja mnadani.
Nikavuta. Nikahesabu misumari: mmoja, wawili,
mguu ukaruka wenyewe,
ukapiga ndoo, ndoo ikapiga kelele,
nikacheka kabla sijajua nani karusha teke.

"Nani?" nikauliza.
Akachora reli nyuma ya kadi yangu:
habari imetoka Kigoma, yaani gotini,
imefika Tabora, yaani uti wa mgongo,
hapo hapo imegeuzwa, imerudi na jibu.
Dar es Salaam, huko kichwani,
watapata habari baadaye, treni imeshapita.
"Ila jicho linakaa Dar," akasema. "Likikodoa tu,
simu inalia stesheni: shikilia, usiachie."

Hapo sikuhitaji mchoro.
Baba yangu Mihambo alikuwa mgeuza njia, makutano haya haya.
Mwishoni mtoto wa jicho alimziba kote kuwili,
hakumtambua hata mjukuu aliyembeba.
Lakini kipenga cha saa nane usiku kikilia,
mkono wake ulitoka shukani,
ukavuta wenzo usiokuwepo,
ukarudi kulala.
Mama alikuwa anaufunika bila kusema neno.

Juzi umeme ulikatika nikishona sketi ya shule.
Sikusimama. Mguu ulikwenda, mkono ukasukuma kitambaa,
giza likanuka mafuta ya cherehani.
Asubuhi nikautazama mshono wa gizani: umenyooka.
Ule wa kabla, niliouinamia chini ya taa
macho yamenitoka, umepinda kidogo karibu na lisani.

Mwenye sketi hajaona tofauti.
Mimi ndiye ninayeiona,
na nafikiri ndiyo shida yenyewe.